Moshi Uliokosa Mlango

Mwaka juzi nilimpelekea shangazi yangu bati. Shangazi anaishi Ilagala, kusini ya Ujiji, mahali ambapo mto Malagarasi unakaribia kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Jiko lake lilikuwa la udongo na nyasi, na nyasi zilikuwa zimeanza kuoza. Nikanunua bati, nikalipa usafiri, nikamtafuta fundi. Siku moja fundi akanipigia simu kuuliza: kati ya ukuta na paa kuna mwanya wa kiasi cha shubiri moja, popo wanapita na vibaka nao wanaweza kupita, je auzibe? Nikamwambia auzibe, tena kwa saruji. Aliponiletea picha ya jiko linalong'aa nilimwonyesha kila mtu ofisini.

Desemba nilikwenda likizo. Nilimkuta shangazi anapika nje, chini ya mwembe, mafiga matatu juani na lile jiko jipya limefungwa kufuli. Nikadhani anaogopa kulichafua. Mchana mvua ikashuka kama inavyoshuka Kigoma msimu huo, moto ukahamishiwa ndani, nami nikamfuata tuzungumze. Sikumaliza dakika tano. Macho yaliwaka, kifua kilibana, na kutoka kwenye bati yalikuwa yakidondoka matone meusi mazito kama lami, maana mvuke wa chungu ulikuwa ukigonga bati lenye ubaridi na kushuka na masizi. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasonga ugali huku akikohoa, na kitukuu chake kimelala mgongoni.

Nilipotoka nje akanifuata. Akasema, "Mwanangu, kwa bati nimeshukuru sana. Ila ile nyumba ya nyasi ilikuwa inajua kupumua."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia ya jambo hili, na leo nataka tuizungumze, kwa sababu sidhani kama ni mimi peke yangu niliyeziba mwanya wa jiko la mama.

Kwanza nieleze neno kupumua. Huko Marekani nyumba nyingi hupashwa joto wakati wa baridi na kupozwa wakati wa kiangazi kwa hewa inayosukumwa kwenye mabomba mapana ya bati, yanayopita darini na chini ya sakafu. Mabomba hayo huingia vumbi, na kuna watu ambao kazi yao ni kuyasafisha. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1989. Shirika la serikali yao linaloshughulikia mazingira liliwaeleza wananchi katika miaka ya 1990 kwamba haijathibitika kuwa kusafisha mabomba hayo huzuia maradhi, na kwamba la muhimu zaidi ni kushughulika na kile kinachochafua hewa tangu mwanzo. Sisi hatuna mabomba hayo, lakini nyumba zetu nazo zilikuwa na njia yao ya hewa. Njia hiyo ilikuwa paa.

Waliowahi kutembelea Kijiji cha Makumbusho hapa Dar es Salaam wameuona msonge wa Wahaya, nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka karibu na ardhi. Waha wa Kigoma nao walijenga nyumba za jamii hiyo. Moto ulikaa ndani, na moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa, kisha ukachuja taratibu kupitia nyasi. Mtu akisimama mbali asubuhi aliona nyumba nzima inafuka kama chungu cha maharage. Moshi ule ulikuwa na kazi. Uliwafukuza wadudu wanaokula fito na nyasi, ukazifanya zidumu. Mbegu za mahindi zilining'inizwa juu ya moto ili dumuzi wasizitoboe. Samaki walikaushwa hapo hapo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba bibi zetu walikuwa wakivuta hewa safi. La hasha. Anayekaa chini, karibu na sakafu, hupata nafuu kuliko anayesimama, lakini moshi ni moshi, na macho mekundu ya vikongwe tuliyafahamu sote kabla ya bati kufika kijijini. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile moshi ulikuwa umepangiwa mahali pa kupita, na aliyejenga alilijua hilo hata kama hakuliandika popote.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walifika Ujiji na kujenga nyumba za namna nyingine: za pembe nne, zenye vyumba, ukumbi wa katikati, baraza mbele na uani nyuma. Ni kwenye baraza za namna hiyo Stanley na Livingstone walizungumza mwaka 1871. Katika nyumba ya pwani jiko hukaa uani, mbali na vyumba vya kulala. Ukipita leo Ujiji, au Ilagala kwenyewe, utaona mpango huo ndio ulioshinda. Kwa upande wa hewa yalikuwa maendeleo makubwa: anayelala alitenganishwa na moto. Lakini anayepika alibaki nao, sasa peke yake, katika kibanda kidogo kilichojengwa kwa mabaki ya fito baada ya nyumba kubwa kukamilika. Fedha ikibaki, jiko hupata mlango. Ndivyo tunavyojenga hadi leo.

Nilipotafuta maandishi kuhusu moshi wa majikoni nilikuta kitu cha kushangaza. Moshi wa biashara una historia ndefu iliyoandikwa vizuri. Ukipanda kutoka Ilagala kufuata Malagarasi utafika Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo katika miaka ya 1960 wakakuta kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji yale kwa kuni ili wapate chumvi tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika kuhusu chumvi hiyo, na kuhusu hongo waliyotozwa wavuke mto. Wajerumani walianzisha kiwanda hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na chumvi ya Uvinza ikaendelea kuliwa nchi nzima. Lakini kuhusu moto uliopika ugali wa wale wachemshaji chumvi, hakuna aliyeandika kitu.

Burton na Speke walilifikia ziwa tarehe 13 Februari 1858, upande wa Ukaranga, si mbali na Ilagala. Speke alikuwa anaumwa macho kiasi kwamba alipoonyeshwa maji aliona ukungu na mng'ao tu. Habari hiyo imo katika kila kitabu cha historia ya uvumbuzi. Macho ya Speke hayakuharibiwa na moshi, yalikuwa na ugonjwa wake. Lakini huwa nafikiri ni wanawake wangapi wa mwambao huo waliokuwa wakiona ukungu na mng'ao mwaka huo huo, wasiandikwe.

Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, kila kibanda kilihesabiwa. Aliyekuwa ndani anakohoa hakuwamo katika daftari. Waingereza nao kwao walikuwa na kodi ya madirisha, tangu 1696 hadi 1851, na watu wao waliziba madirisha kwa matofali ili walipe pungufu. Kwa hiyo kuziba njia ya hewa kwa sababu ya hesabu ya fedha si upuuzi wa mwafrika wala wa mpwa wa shangazi yangu peke yake.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Bati lilikuja na reli, kwanza kwa ofisi, maduka na misheni, kisha taratibu kwa mwenye uwezo. Likawa alama. Hata leo mwanakijiji akitaka kukueleza kwamba fulani kafanikiwa atakwambia kaezeka bati. Nami sitaki kulitukana bati: halivuji, haliungui kwa cheche, na mvua ikinyesha unakinga maji. Lakini bati halichuji moshi. Nyasi zilikuwa paa na njia ya hewa kwa wakati mmoja. Bati ni paa tu. Anayeondoa nyasi inampasa ajenge kile cha pili kwa makusudi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia hivyo.

Kulikuwa na nafasi ya kumwambia. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kupangwa katika vijiji. Maelfu ya majiko yalijengwa upya katika kipindi kifupi. Vijiji vilipangwa kwa mistari, ikazungumzwa barabara, shule, zahanati na kisima. Kuni, ambazo zamani zilikuwa nyuma ya nyumba, zikawa mbali zaidi kila mwaka.

Mwaka uliofuata, 1973, redio yetu ilifanya jambo ambalo hadi leo linafundishwa katika vyuo vya utangazaji duniani. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na vitabu vyao mkononi na kiongozi wa kikundi mbele. Nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee wa Ilagala wanaikumbuka. Walijifunza kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Nilimuuliza shangazi anakumbuka nini. Akajibu mara moja: choo, maji ya kuchemsha, majani kuzunguka nyumba yafyekwe. Kuhusu moshi? Akacheka. "Maji ya kuchemsha, mwanangu, tulikuwa tunayachemshia wapi?"

Mwaka 1980 ikaja kampeni nyingine ya redio, Misitu ni Mali. Hapo kuni zilizungumzwa sana, kwa sababu ya miti. Ndiyo miaka dunia nzima ilikuwa imeshtuka kuhusu uhaba wa kuni, na mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jadidifu mjini Nairobi. Kutokana na msisimko wa miaka hiyo Wakenya wakapata jiko lao la mkaa la udongo na bati, ambalo baadaye lilivuka mpaka na kufika kwetu likaitwa jiko bora. Kusudi lilikuwa kupunguza mkaa. Mwaka 1994, katika vijiji vya jirani na Gombe, kaskazini ya Kigoma mjini, taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wa TACARE wa kuotesha miti na kusaidia vijiji, na majiko ya kuni chache yakawa sehemu ya kazi hiyo. Mradi mzuri, nauheshimu. Lakini tazameni mfuatano: jiko lilimfikia mwanamke wa Kigoma kwa ajili ya miti, na miti ilitakiwa kwa ajili ya udongo, ziwa na sokwe. Mapafu yake yalikuwa mwisho wa foleni.

Mimi mwenyewe simo nje ya lawama. Nilipoanza kazi ya utangazaji nilisoma matangazo mengi ya kuhifadhi misitu. Nilitaja hekta, nilitaja ukame, nilitaja jangwa. Sikumbuki kama niliwahi kutaja kikohozi.

Lini basi mapafu yalihesabiwa? Mwaka 1981 mwanasayansi Mmarekani, Kirk Smith, pamoja na wenzake wa India waliwafunga wanawake wa vijiji vya Gujarat vifaa vidogo vya kupimia hewa wakati wanapika. Hapo ikaanza kuonekana kwamba anayepika kwa kuni huvuta vumbi la moshi mara nyingi kuliko mkazi wa jiji lenye magari na viwanda. Chembe zinazoua hazionekani kwa jicho; ni ndogo mara 20 au 30 kuliko unene wa unywele, na kwa sababu hiyo hupita puani na kooni zikafika chini kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake, bali pia maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Watoto wadogo hupata nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili katika kaya 55, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Ilionekana kwamba kadiri moshi unavyozidi ndivyo maradhi ya njia ya hewa yanavyozidi, lakini ongezeko kali zaidi liko mwanzoni. Maana yake ni chungu: kumtoa mtu kutoka moshi mwingi mno hadi moshi mwingi tu hakumsaidii sana. Malawi walilithibitisha. Huko watoto 10,750 walihusishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016. Nusu ya familia zilipewa majiko ya kisasa yenye feni. Waliopata nimonia walikuwa sawa kwa pande zote mbili. Kuungua moto kulipungua, na hilo si dogo, lakini moshi wa jirani, wa takataka, wa taa na wa tumbaku uliendelea kuwafikia. Kwa upande mwingine, Guatemala walijaribu jiko la kuni lenye dohani, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu, na nimonia kali ikapungua kwa kiasi cha theluthi moja. Kwa hiyo dohani husaidia, ingawa si tiba yote. Atakayewauzia jiko kwa maneno ya kwamba linamaliza maradhi, mnunulieni kwa kuwa linaokoa kuni na msimwamini mengine.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, ikiwa na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 ikauzwa kwa ruzuku. Ni mara ya kwanza, kwa ninavyokumbuka, kusikia viongozi wakitaja kifua cha mpikaji kabla ya kutaja mti. Nilimpelekea shangazi mtungi. Anautumia kuchemsha chai na kupasha uji wa mtoto. Maharage hapana, na ugali wa watu tisa hapana. Gesi ikiisha, kuujaza mtungi ni fedha taslimu, wakati kuni na maganda ya mise kutoka kwenye michikichi hayamgharimu chochote isipokuwa mgongo. Miaka kumi ni mingi kwa mtu wa umri wake. Moto wa kuni atakuwa nao, basi ni lazima moshi upate pa kutokea.

Hapo nikakutana na ubishi ambao sikuutegemea. Mhudumu wa afya pale kijijini aliniambia nisifungue mwanya, kwa sababu mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo kati ya ukuta na paa. Ana haki. Watafiti wetu wa Ifakara wamelifanyia kazi jambo hilo kwa miaka mingi. Wako pia wazee wanaodai moshi wenyewe ndio dawa ya mbu. Huenda unawasumbua mbu kidogo, lakini haijaonekana kwamba wenye moshi wanaugua malaria pungufu. Tuliafikiana hivi: nyumba ya kulala, mwanya uwe wazi kwa hewa lakini uwekwe wavu, jikoni, ambako hakuna anayelala, uachwe wazi.

Fundi yule yule akarudi. Alibomoa safu mbili za juu za ukuta, pande mbili zinazotazamana, akaweka matofali yenye matundu, ambayo popo hapiti wala kibaka. Kisha akajenga jiko la udongo lenye dohani la matofali linalotokeza juu ya bati. Kazi ilichukua siku nne na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko saruji niliyoitumia kuharibu. Akatuonya kwamba dohani lisiposafishwa masizi huziba, moshi hurudi chumbani, na masizi yakizidi yanaweza hata kushika moto. Yasafishwe kila mwezi, na kuni ziwe kavu.

Nanyi mnaonisikiliza mjini, mnaopikia mkaa kwenye korido, msidhani habari hii ni ya shamba. Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata usiku wa baridi, hata limefunikwa majivu.

Kijana wa shangazi ndiye aliyepewa kazi ya dohani. Hufunga kuti la mchikichi kwenye ncha ya fito, hupanda ngazi, hulisukuma na kulivuta hadi chini. Juma lililopita alinipigia simu kuniambia ametoa nusu ndoo ya masizi na kuyamwaga kwenye shimo la takataka. Nikamuuliza shangazi anaendeleaje. Akasema matone meusi yamekoma, na mchana anapikia ndani hata mvua isiponyesha. Kikohozi bado kipo.